Hukumu ya Bastola ya Mashindano

Yupo mtu ambaye, akikabidhiwa bastola ya mashindano ili aipime na kuitolea hukumu, hutazama unyofu wa kasiba yake, wepesi wa mtambo wake, utulivu wake mkononi inapolia na idadi ya risasi zinazoenea katika magazini yake, kisha husema ni njema au si njema, akadhani kazi yake imekwisha. Na yupo mwingine ambaye, bila hata ya kuishika, husema kwamba kitu kilichobuniwa ili kutoa roho hakiwezi kuitwa chema ijapokuwa kimevishwa jina la mchezo. Wa kwanza amehukumu nusu ya jambo, na wa pili amehukumu kabla ya kusikiliza shauri. Nataka kulichukua suala hili kwa taratibu, maana ndani yake limo suala kongwe la falsafa na la dini pia: je, wema wa chombo hukaa katika chombo chenyewe, au katika nia ya mwenye kukitumia, au ipo sehemu ya wema na ubaya ambayo mtengenezaji huitia ndani ya chuma, na ambayo nia ya mtu, njema iwayo yote, haiwezi kuiondoa?

Aristotle alifundisha kwamba fadhila ya kila kitu ni kuitimiza vyema kazi yake, fadhila ya jicho ikiwa ni kuona, na ya farasi kukimbia na kumhimili aliyempanda mbele ya adui. Tukiifuata mizani hiyo, yatupasa kwanza tuijue kazi ya bastola ya mashindano, na kazi hiyo, kwa insafu, si kuua. Katika mchezo unaosimamiwa na IPSC, shirikisho la kimataifa lililoasisiwa mwaka 1976 mjini Columbia, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, mshindani hupita baina ya shabaha za karatasi ngumu na za chuma, akikimbia, akiinama, akichungulia pembeni mwa kiambaza, na saa inayosikia mlio hupima muda wake tangu ishara mpaka risasi ya mwisho. Kisha alama alizozipata hugawanywa kwa sekunde alizozitumia. Katika kugawanya huku mna hekima kubwa. Mwenye kupiga katikati ya kila shabaha kwa kusitasita hushindwa, na mwenye kufyatua kwa pupa hushindwa vilevile, maana shabaha iliyokoswa humkata alama 10, na risasi iliyogusa shabaha ya haramu, ile inayosimama mahali pa mtu asiye na hatia, humkata nyingine 10. Mtu hufunzwa kuharakisha mwili bila ya kuharakisha akili, na sijui michezo mingi inayodai mambo hayo mawili kwa pamoja na kwa ukali kiasi hicho.

Basi kwa kazi ya namna hii sioni haya kukisifu kilicho na sifa. Chukua bastola iitwayo CZ Shadow 2, iliyotolewa mwaka 2016 na kiwanda cha Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki, kizazi cha ile CZ 75 aliyoibuni František Koucký katika miaka ya 1970. Mwili wake ni chuma kitupu, na uzito wake ni karibu kilo moja na theluthi, ambao ni kama maradufu ya uzito wa bastola nyingi za plastiki wanazobeba askari kiunoni. Na kwa kuwa msukumo wa risasi ni ule ule, silaha iliyo nzito maradufu hurudi nyuma kwa nusu ya mwendo, hata jicho la mlengaji halipotezi shabaha baina ya mlio mmoja na wa pili. Sehemu yake ya juu, ile iendayo nyuma na mbele kila inapojikoki, hutembea ndani ya kuta za mwili badala ya kuukalia kwa nje, kwa hiyo kasiba hukaa chini, karibu na kiganja, na mdomo wake hauinuki sana. Mtambo wake ni laini, na hufyatuka pale pale mlengaji alipotarajia. Haya yote ni ustadi wa mafundi, na mtu anayedharau ustadi kwa sababu hayapendi matumizi yake amejinyima elimu bure.

Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe una adabu ambayo ningetamani iwe katika kila nyumba yenye silaha. Mshindani haruhusiwi kuijaza bastola yake mpaka aamriwe. Akielekeza mdomo wa kasiba nje ya mpaka wa nyuzi 90 kutoka uelekeo wa mbele wa uwanja, au bastola ikimwanguka, au ikilia pasipo yeye kukusudia, hutolewa mashindanoni papo hapo, hata awe bingwa wa dunia. Muislamu anayesoma kanuni hizo hukumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, na akaamuru kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike vichwa vyake, isimdhuru mtu. Huyu ndiye aliyehimiza watu wajifunze kulenga, akauweka upigaji mishale miongoni mwa mashindano machache ambayo zawadi yake ni halali, pamoja na mbio za farasi na ngamia. Na ndiye pia aliyemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo dini haikuona kwamba kulenga ni uovu. Iliona kwamba kulenga ni elimu yenye amana, na amana hiyo ina mipaka kabla ya kuwa na sifa.

Lakini idadi ya risasi ni jambo la namna nyingine, na hapa ndipo ninapoachana na wapimaji wengi. John Browning alipofariki Ubelgiji mwaka 1926, aliacha bastola ambayo haijatimia, na Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN huko Herstal akaikamilisha, ikatoka mwaka 1935 na magazini ya risasi 13 zilizopangwa safu mbili kwa kupishana, hali ile Colt mashuhuri ya 1911 ilichukua 7 katika safu moja. Haja iliyouzaa ubunifu huo ilikuwa ya jeshi. Ufaransa ndiyo iliyokuwa ikitafuta bastola ya risasi nyingi. Michezo iliirithi haja hiyo baadaye, ikaiona ni faida, kwa kuwa zoezi refu la IPSC huweza kudai hata risasi 32, na kila anayebadili magazini hali amesimama hupoteza muda ambao mwenye magazini kubwa haupotezi.

Faida hiyo ni ya kweli, walakini tuitazame ni faida ya nani. Uzito wa bastola na ulaini wa mtambo humsaidia mlengaji kuudhihirisha ustadi alio nao. Wingi wa risasi humsaidia kusamehewa ustadi alioukosa, maana mwenye risasi 20 anaweza kuirudia shabaha aliyoikosa pasipo kuhesabu, na mwenye 8 hana budi kuwaza kabla ya kila hatua ni wapi atabadili magazini na zimebaki ngapi. Shirikisho lenyewe lalijua jambo hili, kwa kuwa katika daraja liitwalo Classic limewawekea washindani mpaka wa risasi 8 kwa wenye risasi za nguvu na 10 kwa wenye risasi hafifu, na katika daraja la Production mpaka wa 15, na hakuna aliyepata kusema kwamba mabingwa wa madaraja hayo ni walengaji pungufu. Hoja yangu kubwa kuliko zote imetoka katika kitabu cha sheria cha wachezaji wenyewe.

Sasa tuutazame upande wa pili wa idadi hiyo. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane huko Uskoti, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi, akawaua watoto 16, wengi wao wa miaka mitano, na mwalimu wao, kwa muda wa dakika chache. Alikuwa mwanachama wa klabu za kulenga shabaha, na bastola zake alizimiliki kwa kibali cha polisi, na ile aliyoitumia kwa karibu kila risasi ilikuwa ya namna ile ile ya Browning niliyoitaja. Anayesimama mbele ya watoto hatua chache tu hahitaji mtambo laini wala kasiba iliyonyooka kama uzi. Anachohitaji ni kutokatizwa, na kutokatizwa ndiko magazini kubwa inakompa. Ile nukta ya kubadili magazini, ambayo mchezaji huiona ni hasara, kwa mtoto aliye karibu na mlango ni maisha.

Bunge la Uingereza mwaka 1997 lilipitisha sheria mbili, ya kwanza ikikataza karibu bastola zote zilizozidi kipimo cha .22, na ya pili ikizikataza hata hizo ndogo. Maelfu ya watu ambao hawakumdhuru mtu yeyote walizisalimisha silaha zao na kulipwa fidia, na ilipofika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester mwaka 2002 na Olimpiki ya London mwaka 2012, ilibidi idhini mahususi itolewe ili michezo ya bastola iweze kufanyika. Wengi wao waliona wamedhulumiwa, na hoja yao si nyepesi, maana Kurani yafundisha kwamba hapana abebaye mzigo wa dhambi ya mwenziwe. Nimeitafakari hoja hiyo sana, nami naona imechanganya adhabu na dhamana. Mtoa zaka haadhibiwi kwa ufukara wa jirani yake. Anatimiza haki iliyomo katika mali yake. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii walijadili hukumu ya mtu anayemuuzia zabibu mtengeneza mvinyo, wakasema kwamba akishuku tu, uuzaji huo ni makuruhi, na akijua, ni haramu. Zabibu hazikubadilika, wala nia ya muuzaji si kulewesha, ila elimu ya matokeo imeingia katika mizani. Na kanuni yao mashuhuri ni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta maslahi. Baada ya Dunblane hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua.

Hata hivyo sikubaliani na sheria ile kwa ukamilifu wake, kwa sababu iliondoa fadhila pamoja na hatari, ikamnyang'anya mlengaji wa risasi 5 za .22, ambaye mchezo wake ni wa utulivu kama wa mwandishi wa hati, kana kwamba alikuwa sawa na mwenye magazini ya 20. Hukumu yangu juu ya bastola kama ile Shadow 2 ni kwamba ni chombo chema kwa mchezo mwema, na ningemsifia aliyeibuni. Ila magazini yake ningeifunga kwa risasi 10, na bastola yenyewe ningetaka ilale katika ghala la klabu chini ya funguo za watu wawili. Anayenijibu kwamba kwa risasi 10 atachelewa sekunde moja au mbili katika kila zoezi refu, asemalo ni kweli, na washindani wenzake wote watachelewa pamoja naye.