Dhima ya Sampuli: Chakula, Uzi na Neno Mlimani Sagalla

Katika makala haya tunakusudia kujadili swali ambalo wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kulipita pembeni: mtafiti anapochukua kitu kwa mtu ili akakichunguze, anabaki na deni gani? Kwa kawaida swali hili huachiwa wanasayansi, kwa kuwa wao ndio wanaoonekana wakiondoka vijijini na mizigo. Mtaalamu wa chakula hubeba chupa ya asali au mfuko wa mihogo. Mtaalamu wa malighafi hubeba shada la nyuzi. Mhakiki wa fasihi huondoka na kanda ya sauti mfukoni, na aghalabu huondoka na dhamiri safi, maana aliyemsimulia amebaki na hadithi yake yote. Hoja yetu ni kwamba kati ya watafiti hawa watatu, mwenye dhima nzito zaidi ni huyu wa mwisho, na kwamba kinachoifanya dhima hiyo iwe nzito ni jambo lilelile linalomfanya ajione hana deni.

Tumeuchagua mlima wa Sagalla kuwa mahali pa kuijadilia hoja hii. Mlima huu umesimama kusini mwa mji wa Voi, nao pamoja na Dabida na Kasigau ndio milima mitatu ya Wataita. Chini yake, upande wa mashariki na kaskazini, imetanda nyika ya Tsavo, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa mbuga ya wanyama mwaka 1948. Na katika tambarare za Voi na Mwatate yapo mashamba makubwa ya mkonge. Wenyeji wana lugha yao, Kisagalla, ambayo wasemaji wake ni wachache na ambayo haifanani moja kwa moja na Kidabida. Yaani kila mmoja wa watafiti wetu watatu ana la kumpeleka huko.

Tuanze na mtaalamu wa chakula. Akipewa asali, ataipima kwanza maji yake. Asali iliyoiva huwa na maji yasiyozidi asilimia 20. Ikizidi hapo huanza kuchacha. Akipewa mihogo, atatafuta sianidi, ambayo kiwango chake cha juu kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 kwa kilo moja ya unga. Mama anayemenya, kuloweka, kuanika na kutwanga mihogo michungu huwa ameifanya kazi hiyohiyo bila mizani, kwani kuivunjavunja mihogo ndiko kunakokikutanisha kimeng'enya chake na sumu iliyofungika ndani, sumu ikaachiliwa na kupotea hewani na majini. Tusisitize jambo moja: ili mtaalamu ajue, ni lazima sampuli iharibike. Husagwa, ikayeyushwa, ikachomwa, ikamwagwa.

Mtaalamu wa malighafi hali yake ni hiyohiyo. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki ni maji na makapi. Nyuzi hizo hufungwa kwenye mashine na kuvutwa hadi zikatike, na nguvu ya uzi ndiyo ile iliyokuwapo wakati wa kukatika. Kwa kuwa hakuna nyuzi mbili zinazolingana, atakata nyingi kabla ya kuthubutu kutaja wastani. Ndivyo ilivyojulikana kwamba nyuzi za mkonge zikitiwa katika saruji ili kutengeneza vigae vya kuezekea, alikali ya saruji huzila polepole. Mwanamke wa Taita anayesokota uzi wa mkonge kwa ajili ya kikapu huujua uzi dhaifu kwa vidole, huutupa, na haandiki popote.

Wataalamu hawa wawili wana deni gani? Deni lao lipo, na si dogo. Vijidudu vilivyochukuliwa katika maji ya moto ya Ziwa Bogoria mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vilivyoingia katika biashara ya nguo ng'ambo, na kufikia mwaka 2004 mgogoro juu ya idhini na mgawo wa faida ulikuwa umefika hadharani. Lakini deni la namna hii lina sura inayojulikana: kitu kilichukuliwa, kikatumika, kikaleta faida, basi ilipwe sehemu ya faida. Sheria inaweza kulishika. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Bunge itunge sheria ili jamii zilipwe kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Kama sheria hiyo inatekelezwa ipasavyo ni mjadala wa watu wengine. Sisi tunachotaka kukiona ni kwamba hapa tunazungumza juu ya bei, na bei ikishalipwa watu huachana.

Fasihi je? Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwezi Oktoba mwaka 1968, wakidai kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo, vizazi vya wanafunzi vimetumwa makwao na vinasa sauti. Hilo lilikuwa jambo jema na hatulijutii. Hata hivyo, pamoja na vinasa sauti hivyo walipewa fikra moja ambayo haikuandikwa: kwamba kuchukua hadithi ni kama kuomba moto kwa jirani. Unachukua kijinga kimoja, unakwenda kuwasha mafiga yako, na moto wa jirani haukupungua hata kidogo. Nani atadai malipo ya moto?

Mfano huo unavutia, lakini tunaona kwamba haufai. Tuutazame kwa kutumia tendo moja ambalo chakula, chombo na neno havitengani ndani yake. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1978 kitabu kiitwacho *Casting Out Anger*, na kiini cha kitabu hicho ni tendo linaloitwa kutasa. Mtu huchukua funda la pombe ya miwa, au la maji, akalirusha nje kwa kinywa kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira moyoni na kuomba heri. Sehemu kubwa ya maelezo yake inatoka Dabida, nasi hatudai kwamba kila neno lake linaenea hadi Sagalla. Kinachotuhusu ni muundo wa tendo lenyewe. Hasira iliyofichwa ndani ya moyo wa ndugu iliaminika kuwa inaweza kumgonjesha mwingine, hata kama mwenye hasira hakutaka. Na tiba yake ilikuwa mwenye hasira huyohuyo aitoe kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna awezaye kumtasia mwenzake hasira isiyo yake.

Sasa tuwapeleke watafiti wetu watatu mbele ya mzee mmoja anayetasa. Tuchukulie kwamba pombe imo kibuyuni. Wa kwanza anaomba pombe, akapime chachu na kilevi. Wa pili anaomba kipande cha kibuyu, apate kujua kwa nini kinashika maji bila kuvuja. Wa tatu anaomba maneno. Wawili wa kwanza wanajua kwamba walichokibeba si kutasa. Hakuna mkemia atakayeandika kwamba ndani ya chupa yake mna upatanisho wa ndugu. Mhakiki peke yake ndiye anayerudi chuoni akisema, “Ninayo.” Anayanukuu maneno, anayatafsiri, anayapa kichwa “Sala ya Kitaita”, kisha anachambua takriri na taswira zake. Na kumbe alichonacho ni maneno yaliyotamkwa na mtu asiye na hasira, mbele ya ndugu asiyekuwapo, kwa ajili ya kinasa sauti. Je, huo ni uongo? La. Lakini ni kiapo kilichotamkwa bila kuapa.

Mtu atatukumbusha kwamba jambo hili lilikwisha kusemwa. M. M. Mulokozi, aliyejadili tanzu za fasihi simulizi katika *Mulika* mwaka 1989, na ambaye katika kazi zake anaitazama fasihi hiyo kama tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, ametufundisha tusiyatenge maneno na utendaji. Sawa. Lakini somo hilo tumelipokea kama kanuni ya mbinu, tukaongeza video juu ya kanda na maelezo ya muktadha juu ya video. Tunadai kwamba ni kanuni ya maadili kabla ya kuwa ya mbinu. Kama neno ni tendo la mtu fulani, basi kulichukua neno ni kuchukua sehemu ya mwenendo wake, na mwenendo wa mtu hauna bei.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo yangetusaidia hapa kuliko nadharia nyingi tulizoagiza. Kitu kikitoka mkononi mwa mtu kwenda kwa mwingine, kinaweza kuwa kimeuzwa, kimetolewa zawadi, au kimewekwa amana. Kilichouzwa kimelipiwa, na kilichotolewa zawadi kimeshukuriwa. Amana haina mwisho wa namna hiyo. Aliyeipokea ataulizwa juu yake wakati wowote, na hana ruhusa ya kuitumia kama yake. Chupa ya asali haiwezi kuwa amana kwa mtafiti, kwa sababu haitarudi. Ndiyo maana deni lake hugeuka kuwa bei. Hadithi iliyorekodiwa haiharibiki. Itasikika miaka hamsini ijayo, msimuliaji akiwa kaburini, na itaendelea kusema kwa niaba yake mbele ya watu ambao hakuwachagua. Kule kudumu kwake, ambako tulikuona kuwa ndiko kunakotuondolea deni, ndiko kunakolifanya deni lisiishe.

Sagalla inatupa ushahidi wa jinsi jambo hili linavyokwenda. J. A. Wray, mmisionari wa Church Missionary Society aliyeanza kazi mlimani humo katika miaka ya 1880, alichapisha mwaka 1894 kitabu cha utangulizi wa sarufi kwa kuwasikiliza wenyeji wake. Jalada lake linaitaja lugha hiyo kuwa lugha ya Taita, na jina la Sagalla halimo. Wale waliomfundisha kutamka hawakuwekwa jaladani. (Wanabiolojia nao hawako mbali sana: kiumbe mmoja wa jamii ya vyura, asiye na miguu na anayeishi ardhini katika mlima huo peke yake, alipoelezwa kitaalamu mwaka 2005 alipewa jina la Nieden, mtaalamu wa Kijerumani.) Hatumlaumu Wray kwa kosa la zama zake. Tunajiuliza kama sisi tumefanya tofauti.

Fungua tasnifu nyingi za fasihi simulizi katika maktaba zetu, uangalie viambatisho. Utakuta: “Msimuliaji: mwanamke, umri miaka 70 hivi, mkulima.” Tukiulizwa, tutajibu kwamba maadili ya utafiti yanatutaka tufiche majina. Hapa ndipo tulipoazima kanuni bila kuuliza ilitengenezewa nini. Mtaalamu wa chakula humficha mtu aliyempima sianidi mkojoni kwa sababu mkojo ni siri ya mwili. Kuficha jina kunamlinda mgonjwa. Mtunzi kunamfuta. Nani angechapisha shairi la Shaaban Robert na kuandika chini yake “mwanamume, Tanga, karani”? Na wakati huohuo jina la mwanafunzi limepigwa kwa rangi ya dhahabu mgongoni mwa tasnifu.

Itasemwa kwamba fasihi simulizi haina mtunzi, ni mali ya jamii. Hoja hii ina ukweli, lakini inatumika kwa upande mmoja tu: jamii inatajwa pale msimuliaji anapotakiwa kupotea, wala haitajwi tena pale haki ya kuchapisha inapotiwa sahihi. Itasemwa pia, na hili ni zito zaidi, kwamba bila sisi Kisagalla kingepotea, kikimezwa na majirani wake na Kiswahili chetu hiki. Huenda. Lakini aliyeokoa mali ya jirani katika moto hakuwa mwenye mali kwa kuiokoa. Amekuwa mwenye kuitunza.

Kwa bahati, mlimani hapohapo upo mfano wa utafiti uliobakiza kitu. Tangu mwaka 2009, chini ya uongozi wa Lucy King, wakulima wa Sagalla ya chini wamekuwa wakizungushia mashamba yao uzio wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, mzinga na kipenyo chake kila baada ya mita 10, ili tembo akiusukuma waya nyuki watoke. Ripoti ya miaka tisa iliyochapishwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika misimu bora ya mazao kama asilimia 86 ya tembo waliokaribia waligeuzwa. Ilieleza pia jinsi ukame wa mwaka 2017 ulivyoikausha mizinga. Mradi huo una mapungufu yake. Ila takwimu zilipokwenda kwenye majarida, mizinga ilibaki shambani, na asali ni ya mkulima.

Mzinga wetu sisi wa fasihi ni upi? Nakala ya kanda kuwekwa katika shule ya msingi ya kijiji ni mwanzo, na jina la msimuliaji kuandikwa kama linavyoandikwa la mtunzi, akitaka. Lakini amana hudai zaidi ya hayo. Siku kanda itakaporudishwa mlimani na kusikilizwa, mzee mmoja anaweza kusema kwamba maneno yale hayakupaswa kutoka, kwamba aliyeyatoa alikuwa na kinyongo na nduguye siku ile, na kwamba anaomba yafutwe. Idara yoyote itaitisha kikao. Wengine watazungumza juu ya urithi wa taifa, wengine juu ya gharama za safari. Sisi tunaona yafutwe, hata kama sura ya tatu ya tasnifu ya mtu itabaki na pengo.