Herufi ya Tano na ya Sita

Mama mmoja wa Mulekera, mjini Beni, alikuwa akiagiza vitenge Guangzhou kwa mtu yuleyule. Profoma ikifika, analipa benki, mzigo unakuja. Safari hiyo, siku chache kabla ya malipo, iliingia barua pepe: akaunti yetu inakaguliwa, tuma kwenye hii mpya. Jina la kampuni lilikuwa lilelile, na muhuri uleule. Alienda nayo kwenye gishe, karani akanakili kila kitu bila kukosea, dola zikaondoka. Humo mlikuwa na pesa za likelemba, jasho la wenzake wa sokoni.

Baada ya wiki tatu muuzaji aliuliza mbona hajalipwa. Wezi walikuwa wamejipenyeza katika mawasiliano yao.

Linaloniuma ni kwamba karatasi yenyewe ilikuwa inasema. Msimbo wa SWIFT, unaotambulisha benki, una alama 8 au 11, na hausomeki kwa shida. Ule wa zamani ulikuwa BKCHCNBJ400: BKCH ni Bank of China, CN ni nchi ya China, BJ ni Beijing yaliko makao makuu, 400 ni tawi la Guangdong. Katika ule mpya, herufi ya tano na ya sita zilikuwa PL, yaani Poland. Mtu wa Guangzhou anataka pesa za vitenge zipelekwe Poland kufanya nini? Swali hilo moja tu lingetosha kumfanya apige simu kwa namba aliyoizoea, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Na jina la kampuni halikuweza kumlinda, kwa kuwa benki nyingi zinazopokea hufuata namba ya akaunti.

Wanaopokea pesa kutoka ng'ambo nao wasome hivyohivyo. Msimbo wa benki ya Rawbank ni RAWBCDKI. KI ni Kinshasa, na usishtuke kwamba Beni haimo. Bali CD, yaani Kongo yetu, uishike sana: ndugu yako akiandika CG, ametaja Kongo ya Brazzaville.

Yule mama alirudi benki kesho yake baada ya swali la muuzaji. Ujumbe wa kuomba pesa zirudishwe ulitumwa, jibu likaja kwamba zote zimekwisha kutolewa kwenye akaunti. Marobota ya vitenge yalikuwa bado ghalani Guangzhou, yakidai malipo yaleyale upya.