Upepo Si Wangu

Katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, mama mmoja mjane aliamka asubuhi akawakuta perege wake wakielea juu ya maji, matumbo juu. Bwawa lile alilichimba kwa jembe, yeye na wanawe, na samaki hao ndio waliokuwa kitoweo chao na sare zao za shule. Alasiri ya jana yake, jirani wa upande wa juu alikuwa amepiga dawa mahindi yake, kisha akaliosha bomba lake katika mfereji uletao maji bwawani. Mama alipomwendea, jirani hakukana. Alisema tu, “Mama, dawa nimeipiga shambani mwangu. Upepo si wangu.”

Neno hilo limetukaa moyoni, nasi twataka kulipima pamoja na wasomaji wetu, kwa maana wasemao hivyo ni wengi.

Yatupasa kwanza kumtendea haki mkulima huyo. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakawa wamekwisha kufika Tanzania. Kiwavi huyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akala majani machanga, na shamba lililopendeza juma hili laweza kuwa matambara juma lijalo. Baba mwenye watoto sita, aonaye chakula cha mwaka mzima kikiliwa mbele ya macho yake, hatumwiti mwovu kwa sababu alikimbilia dawa. Njaa ya nyumba yake ni njaa ya kweli, kama ilivyo ile ya nyumba ya jirani.

Walakini neno “dawa” lenyewe laweza kutulaghai. Kitu kile kile tukiitacho dawa shambani, kwa samaki ni sumu tupu. Nyingi za dawa hizo zimetengenezwa kwa kuiga nguvu ya maua ya pareto, yaliyolimwa tangu zamani katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Ng'ombe huogeshwa dawa za jamii hiyo ili kuua kupe, naye hutoka joshoni akaenda malishoni, kwa kuwa mwili wake waweza kuivunja sumu upesi. Samaki hawezi. Sumu humwingia kwa mashavu anayopumulia, na mwili wake hauna namna ya kuiondoa kwa haraka. Zile zilizo kali huua samaki wengi hata zikiwa gramu chache tu katika lita milioni 1 za maji. Bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita 1, lina lita 150,000. Basi gramu 1 ya kiini cha dawa, kipimo kisichotosha hata kutia chumvi katika sufuria ya maharage, yaweza kulimaliza lote. Na wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Majani ya utupa waliyatwanga wakayatia mtoni ili kulevya samaki, na majani hayo hayo waliyatumia kuua wadudu.

Sasa turudi kwa upepo. Ni kweli, upepo hauna mwenyewe. Lakini saa ya kupiga dawa ina mwenyewe. Aliyechagua alasiri yenye upepo, badala ya asubuhi mapema kungali kumetulia, alichagua yeye. Hata moto huchukuliwa na upepo, na bado Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka, yamtaka aliyeuwasha alipe nafaka ya jirani iliyoungua. Haisemi aulizwe upepo. Na tendo la kuosha bomba mferejini halikuhitaji upepo wowote.

Huenda mtu akasema, “Hakujua.” Hapo hapana budi tupambanue. Yuko asiyejua kwa sababu hakuwa na njia ya kujua, naye hana hatia. Yuko pia asiyejua kwa sababu hakutaka kuuliza, na ujinga wa namna hiyo haumwondolei mtu wajibu. Vibandiko vya dawa nyingi vina picha ya samaki, iliyowekwa makusudi ili hata asiyesoma atambue. Lakini twajua pia ya kwamba maskini hanunui chupa nzima. Hupimiwa kidogo katika chupa ya soda isiyo na kibandiko. Muuza duka afanyaye hivyo pasipo kusema neno lolote amejitwika sehemu ya kosa hilo, tena si sehemu ndogo.

Je, jirani alipaswa kufanya nini? Twaona ya kwamba la kwanza ni kupiga hodi jioni ya kuamkia siku ile, aseme, “Mama, kesho asubuhi napiga dawa.” Wengi huhesabu neno hilo kuwa adabu njema tu. Sisi twalihesabu kuwa haki yake yule mama, kwa kuwa bila hilo hawezi kuwalinda samaki wake. Akijua mapema, ataziba mfereji maji yasiingie. Na kama ni kibwawa kidogo cha uani atakifunika kwa turubai, akilifunua mara kazi ikiisha ili samaki wasikose hewa. Naye mpigaji ataacha ukanda wa nyasi usiopigwa dawa kando ya maji, atasubiri ikiwa mvua yakaribia, na ataosha bomba lake mbali na mfereji. Shamba likiwa dogo, aweza hata kuwaponda viwavi kwa mkono, au kutia majivu katika moyo wa mhindi. Kazi hiyo yachosha, twakubali.

Mwenye bwawa naye ana wajibu wake. Achimbaye chini ya shamba la mtu na awaambie majirani, tena achimbe mfereji wa kukinga maji ya mvua yatokayo juu, maana tope la shambani hubeba sumu.

Na hasara ikiisha kutokea, kuomba radhi hakutoshi. Aliyeharibu hana budi kurudisha: vifaranga wapya, na fidia ya miezi ya malisho iliyopotea. Asiye na fedha ana mikono, naye aweza kulipa kwa siku za kazi. Kama kulipa kutachukua mwaka mzima, basi na uwe mwaka mzima.

Asubuhi ile watu walimshauri mama afungue tundu la bwawa, maji yale yatoke upesi, aingize mengine na kuanza upya. Alikataa. Chini yake kuna bwawa la mtu mwingine, na chini zaidi ni mahali watoto watekapo maji. Aliziba mfereji, akawazika samaki mbali na maji, wala hakuuza hata mmoja, ingawa walikuwapo waliotaka kuwanunua kwa bei ya chini. Maji akayaacha palepale, yapigwe na jua.