Sungura na Deni la Buku

Mnamo Disemba 1901, Beatrix Potter alichapisha London, kwa fedha zake mwenyewe, nakala 250 za kitabu kidogo juu ya sungura aitwaye Peter. Mwaka huohuo, mjini Chicago, George Bateman alitoa kwa Kiingereza ngano zilizosimuliwa Unguja, na miongoni mwao umo ujanja wa sungura wa pwani. (Kiingereza kina majina mawili kwa wanyama hawa, Kiswahili kimetosheka na moja, na hapa hakikukosea.) Wote wawili ni wezi, mmoja wa mboga, mwingine wa asali. Na wote wawili wanapendwa.

Hapo ndipo penye suala. Mchana kutwa mtoto hufunzwa kwamba cha mtu ni cha mtu. Usiku ukiingia, hadithi humtaka amwombee mwizi salama. Aghalabu hujibiwa kwamba mnyonge hana kucha wala pembe, basi hila ndiyo ngao yake. Jawabu hilo lina ukweli, ila halitoshi.

Peter ameonywa na mama yake asitie mguu katika bustani ya Bwana McGregor, kwani baba yake aliingia humo akaishia jikoni kwa Bibi McGregor. Naye huingia. Hushiba saladi na figili, hufukuzwa, hupoteza koti na viatu, hurejea hoi akanyweshwa dawa kitandani. Dada zake watatu waliotii hupata maziwa, mkate na matunda; mapenzi ya msomaji hawayapati. Hata hivyo hesabu ya Peter ni safi kwa namna yake: kosa ni lake, hofu ni yake, homa ni yake.

Sungura wa pwani hesabu yake ni nyingine. Asali ni ya Simba, lakini humwambia Buku kwamba ni urithi wa baba yake, akamwalika wakale pamoja. Simba atokeapo chini ya mti, Sungura hutaka afungwe ndani ya majani makavu atupwe chini kama takataka, na hivyo huponyoka. Buku hubaki juu. Huteremshwa, huulizwa alikuwa na nani, huliwa.

Je, huyu naye ni mnyonge anayejitetea? Mbele ya Simba, ndiyo. Mbele ya Buku yeye ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa anajua asali ni ya nani na mwenzake hajui. Potter aliweka kifo nje ya kisa, kwa baba aliyekwisha kuliwa. Wasimulizi wa Unguja walikiweka katikati, penye kicheko. Walikuwa wakali zaidi, na pengine wakweli zaidi.

Kisa huendelea. Sungura humhadaa Kobe vilevile, hunaswa, huponyoka tena, na mwishowe huisalimu nyumba yake ili Simba aliyejificha ndani ajitoe kwa kuitika. Wasikilizaji huvunjika mbavu. Buku hatajwi tena.