Jumanne: Kuketi Kwanza

Soma Luka 14:28–30. Yesu anamtaka mjenzi ahesabu gharama kabla ya kuanza mnara. Michezo ya kompyuta imeugeuza utaratibu huo. Mwaka 2006, waliokwisha kununua mchezo uitwao Oblivion waliuziwa nyongeza: deraya ya farasi, dola 2.50. Farasi mwenyewe ni picha! Wengi walicheka, lakini biashara hiyo ikaenea. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ndani ya michezo ni kamari.

Mtoto anayeomba simu ya mama “dakika moja tu” hajaketi kuhesabu. Wala mama hajui kwamba kuna mnara unaojengwa.

Nyumbani kwako, nani anaijua namba ya siri ya malipo? Ulipomkatalia mwanao mara ya mwisho, ulimweleza sababu?