Kompyuta Ilitii, Ndege Haikusimama

Tarehe 14 Septemba 1993, ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A320 ilitua Warsaw, Poland, mvua ikinyesha na upepo ukiisukuma kutoka nyuma. Magurudumu ya kulia yaligusa lami kwanza. Ya kushoto yalifuata takriban sekunde 9 baadaye. Kompyuta haikuruhusu injini zigeuze msukumo mpaka uzito uonekane pande zote mbili, na vibao vya kupunguza mwendo mabawani vilingoja uzito huohuo, au magurudumu yazunguke kwa kasi. Nayo yalikuwa yakiteleza juu ya maji. Ndege ikapitiliza, ikagonga tuta, watu 2 wakafa. Programu ilifuata masharti yake yote: kwa hesabu yake, ndege bado ilikuwa angani. Wala masharti hayo hayakuwa ya kipuuzi. Mwaka 1991, huko Thailand, injini ya Boeing 767 ya Lauda Air iligeuza msukumo ndege ikiwa hewani, na wote 223 waliokuwamo wakaangamia.

Wahandisi wa mifumo ya namna hii, ambamo hatua za kompyuta hukutana na mwendo wa vitu halisi, hujenga kwanza modeli ya kihisabati, kisha huthibitisha kwamba hali ya hatari haifikiki. Uthibitisho huo unatupa yakini ya kitu gani? Ya modeli tu. Mwaka 1988 mwanafalsafa James Fetzer alizua malumbano makali aliposhikilia kwamba hoja ya kihisabati haiwezi kuhakikisha mashine halisi itatenda nini. Naamini alisema kweli. Lakini anayehitimisha kwamba basi kuthibitisha ni kazi bure, tujaribu tu, amepotoka: majaribio yana kikomo, ilhali michanganyiko ya mvua, upepo na kasi haina. Faida kubwa ya uthibitisho ni kulazimisha dhana iandikwe: ndege ikiwa chini, uzito uko pande zote mbili. Ikishaandikwa hivyo, rubani ajuaye kwamba katika upepo wa ubavuni ndege hutangulia kugusa lami kwa upande mmoja anaweza kuikataa mapema, abiria hawajapanda.

Itasemwa kwamba hakuna awezaye kuorodhesha dhana zote. Ni kweli, na hapo ndipo suala linapotoka kwenye hesabu na kuingia kwenye dhima. Anayetangaza kwamba mfumo umethibitishwa anadaiwa kutaja masharti aliyoyachukua kuwa kweli, na kuyajibia yanapovunjika, kwa sababu ni yeye aliyeyachagua.