Mpwa Wangu, Anza na Njia

Mpwa wangu, umenionyesha kwenye simu picha za Prado, Discovery, Harrier na Land Cruiser hardtop, ukataka nikuambie lipi linayapita mengine. Swali hilo huletwa kwangu kila fedha za ufuta zinapotoka, na nimewajibu wengi mpaka nimechoka kulisikia. Nitakujibu na wewe, maana fedha hizo umezitolea jasho na mama yako ameniomba nisikuache peke yako. Ila nivumilie, sitaanza na magari.

Ukisimama hapa Nangurukuru, njia panda, mbele yako kuna safari za namna mbili. Barabara kuu ni lami, karibu kilomita 300 kwenda Dar es Salaam, na upande wa pili Lindi. Ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko nayo ni lami. Iliyobaki ni ile inayoingia bara, Njinjo, Miguruwe, mpaka Liwale, zaidi ya kilomita 200, na sehemu yake kubwa ni vumbi kiangazi na tope masika. Sasa niambie ukweli: kwa mwezi mmoja, ni siku ngapi utakuwa kwenye njia hiyo?

Sisi tuliovuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hatukuwa na la kuchagua. Masika ikiingia, hata mgonjwa wa kupelekwa Dar alihitaji gari la kupiga porini. Wewe umekulia kwenye lami. Usinunue gari kwa ajili ya shida zilizotupata sisi.

Kama njia yako ni ya Liwale, ifahamu vizuri. Malori ya mbao na ufuta yakipita kwenye tope huchimba mifereji miwili mirefu. Jua likiwaka, mifereji ile hukauka ikawa migumu, na katikati hubaki tuta. Matairi ya lori yameachana zaidi kuliko ya gari dogo, kwa hiyo gari lako haliwezi kukaa kwenye mifereji yote miwili. Tairi za upande mmoja zitakuwa chini, za upande wa pili zitapanda juu ya tuta, nalo tuta litakwangua tumbo la gari kuanzia sampo mpaka ekzosi. Mwendo wa saa nzima ni huo. Hapo Harrier tuiweke kando. Ni gari zuri la lami, lakini bodi yake haikukalia chasisi, na nyingi zilizoko sokoni huvuta kwa tairi za mbele tu.

Prado na Discovery ndizo zinazokusumbua usingizi, naona. Nimekusikia ukisema Discovery hupita kwenye maji marefu zaidi. Watengenezaji wa Discovery 4 na wa Prado iliyotoka mwaka 2009 wametaja kina kilekile, milimita 700. Na hayo ni maji yaliyotulia, ukiyaingia polepole. Mto Matandu ukijaa hautulii, huenda na magogo, na maji ya kiuno yanayokimbia hulisukuma gari lolote pembeni. Kipimo hicho kisikutie ushujaa.

Tofauti yao iko kwenye springi. Discovery 3 na 4 nyingi hutumia mifuko ya upepo badala ya springi. Ukibonyeza kitufe gari hunyanyuka, na barabarani hukaa kama kitanda. Sifa hiyo siipunguzi. Lakini upepo huo unategemea kompresa, mabomba na vifaa vya umeme, na vikigoma gari hulala chini. Fundi atahitaji kompyuta ya kulisoma. Ukiwa Miguruwe, kompyuta hiyo utaitoa wapi? Prado nyingi zina springi za chuma. Ikikatika moja, unapiga simu Kariakoo, mzigo unapakiwa kwenye basi Mbagala, na fundi wa hapa stendi anaifunga.

Hardtop, hiyo wanayoiita mkonga, inachosha mgongo, na kwenye lami ni nzito na ya polepole. Familia yako haitakushukuru. Lakini chini yake ina ekseli nzima mbele na nyuma, na injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake haiendeshwi na kompyuta. Dizeli ya kwenye madumu, ambayo huko bara ndiyo utakayouziwa mara nyingi, huivumilia. Injini za kisasa za Prado za dizeli hazina uvumilivu huo. Uchafu kidogo huua nozeli, na nozeli mpya ni fedha ya kulia. Nissan Patrol Y61 nayo ina ekseli nzima pande zote mbili na ni gari la kazi, ila spea zake huku ni za kuzisaka.

Usisahau ushuru. Gari kuukuu kutoka Japan likishapita miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo bei unayoiona kwenye picha siyo utakayolipa. Piga hesabu kwa kikokotoo cha TRA kwanza, kisha andika kwenye daftari matairi, bima na mafuta ya mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Halafu ingia chini ya gari. Mikoa ya Japan yenye theluji humwaga chumvi barabarani, na chasisi huliwa kutoka ndani. Huku nako kuna chumvi ya bahari. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia nyuma, kwenye maungio. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na magamba huanguka. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu iogope.

Na ujue mpaka wa kila gari. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, hardtop zilisubiri foleni moja na mabasi. Kalavati likiondoka hakuna fowili ya kuruka shimo.

Kwa hiyo, mpwa wangu, kama safari zako ni Masoko, Lindi na Dar, chukua gari dogo la petroli, na fedha itakayobaki irudi shambani. Kama familia ndiyo inayopanda na Liwale ni mara chache, Prado ya springi, ya petroli ya lita 2.7, inatosha. Kama utaishi kwenye njia ile kwa kazi, tafuta hardtop ya 1HZ, hata iwe na umri mkubwa, mradi chasisi ni nzima. Discovery iache mpaka utakapohamia mjini. Na kabla hujatoa arubuni, niite mimi na fundi tuje na nyundo.